Ntambo: Shamba la Kale la Wamatengo

Wasomaji wetu, katika mazungumzo haya twapenda kuwaeleza habari za shamba la kale. Mtu akitaja shamba la kale, wengi wetu huwaza mara moja mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, yenye nyumba ya mawe ya bwana wake na vibanda vya watumwa nyuma yake. Au huwaza mashamba ya mkonge ya Tanga, yenye reli nyembamba na makambi ya vibarua. Huko Uingereza nako yalikuwako mashamba ya namna hii tangu zamani sana, kila moja na bwana wake na jumba lake, na wakulima waliopaswa kumfanyia bwana kazi siku kadha wa kadha katika juma. Mnamo mwaka 1086 mfalme William aliyaandikisha karibu yote katika kitabu kikubwa, kusudi ajue kila bwana ana nini, naye amtoze nini.

Shamba tutakalolieleza leo halina jumba, halina bwana, wala hakuna mfalme aliyeliandika katika kitabu. Liko katika milima ya Umatengo, katika nchi ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, juu ya Ziwa Nyasa. Wenyewe huliita ntambo. Wala si moja. Milima yote ya pande za Litembo imegawanyika katika ntambo nyingi, zimekaa bega kwa bega, na kila moja ina ukoo wake. Walakini ukiijua moja umezijua nyingi, kwa hiyo tutasema habari za ntambo kana kwamba ni moja.

Kwanza yafaa msomaji aione nchi yenyewe. Milima hii imeinuka kati ya mita 1,300 na mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai ni za baridi kali, na watu huota moto hata jua lipande. Mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba, ikaendelea hata Aprili au Mei, nayo ni mvua nyingi. Miteremko ni mikali mno, na mahali pengine mgeni hushangaa mkulima asimamaje na jembe mkononi bila kuteleza. Kila bonde lina kijito chake, na vijito hukutana vikawa mito. Huko chini magharibi ni pwani ya ziwa, Mbamba Bay na Liuli na Lituhi, nchi ya joto, ya mihogo na samaki, wanakokaa Wanyasa. Tangu mwaka 2012 pwani hiyo imekuwa wilaya ya peke yake, wilaya ya Nyasa. Zamani ilikuwa sehemu ya Mbinga.

Basi, kwa nini watu wakakaa mahali pagumu namna hii? Jibu lake ni vita. Mnamo mwaka 1835 kundi la Wangoni chini ya Zwangendaba liliuvuka mto Zambezi, likitoka kusini, na katika miaka iliyofuata vikosi vya Wangoni vilienea katika nchi zote zilizozunguka Ziwa Nyasa. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walikwisha kukaa katika nchi ya Songea, wakaanzisha milki mbili, Njelu na Mshope. Waliishi kwa ng'ombe, kwa mazao na kwa mateka. Watu waliokaa katika nchi iliyo wazi walishambuliwa, wakatekwa, wakafanywa Wangoni kwa nguvu. Wamatengo walikimbilia milimani, penye misitu na mapango, ambapo kikosi cha vita hakiwezi kupanda bila kuonekana. Mapango ya pande za Litembo yaliwaficha watu wengi siku zile, na hata leo wazee huyataja.

Lakini pango humficha mtu kwa siku chache tu, halimlishi. Hapo ndipo historia ya shamba letu inapoanza. Mkulima wa nchi iliyo wazi, ardhi yake ikichoka, hufyeka msitu mwingine akahama. Hawa hawakuweza kuhama, maana chini walingojewa. Walikuwa watu wengi katika nchi ndogo yenye miteremko mikali na mvua nyingi. Kama wangalilima kama walivyolima zamani, mvua za miaka michache tu zingaliuchukua udongo wote zikauacha mwamba mtupu. Kwa hiyo walipaswa kupata njia ya kulima mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka, juu ya mteremko, na udongo ukakaa. Njia hiyo ni ngoro, au kwa kinywa chao wenyewe ngolo, yaani mashimo.

Twaomba msomaji avumilie, tuieleze kazi hii kwa utaratibu, kwa sababu ndiyo moyo wa shamba.

Mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado zanyesha lakini zikikaribia mwisho, wanaume hulifyeka kwa nyengo shamba lililopumzika. Majani yaliyofyekwa hayachomwi moto, nalo ni jambo la kuangaliwa sana, maana katika nchi nyingi za jirani jambo la kwanza ni moto. Huachwa siku kadha yakauke. Kisha hukusanywa na kulazwa juu ya ardhi katika mistari, mingine ikishuka na mteremko, mingine ikiukata, hata mteremko wote unakuwa miraba, kila mraba upana wa hatua moja au mbili. Hapo kazi ya wanaume huwa imekwisha. Sasa huja wanawake na majembe. Mwanamke huingia katikati ya mraba, akachimba udongo, akautupa juu ya ile mistari ya majani pande zote nne, hata majani yamezikwa na tuta limeinuka, na pale aliposimama pamekuwa shimo. Hupanda maharagwe juu ya matuta, akayafunika kwa udongo mwingine kutoka shimoni. Akimaliza shimo moja huingia la pili, na la tatu, hata mteremko wote umekwisha. Mgeni akiutazama kutoka mlima wa pili hudhani ameona sega kubwa la nyuki.

Mvua ikinyesha, maji hayapati njia ya kushuka. Kila tone huanguka shimoni au katika tuta, na maji ya shimo hunywewa na ardhi polepole. Udongo uliochukuliwa kutoka tuta huishia katika shimo lililo chini yake, nao hauendi mbali zaidi. Majani yaliyozikwa huoza yakawa mbolea ndani ya tuta, chini ya mizizi ya maharagwe. Maharagwe huvunwa wakati wa kiangazi. Mvua zinaporudi, mwezi wa Novemba au Desemba, mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale, na magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni yakaoze. Mahindi yakiisha kuvunwa, ardhi hupumzika hata mwezi wa Machi unaofuata, ndipo nyengo huingia tena, na ngoro mpya huchimbwa. Na katika ngoro mpya, palipokuwa shimo huwa tuta, na palipokuwa tuta huwa shimo. Basi mbolea iliyooza shimoni miaka miwili sasa imekuwa chakula cha tuta. Katika miaka miwili shamba limetoa maharagwe na mahindi, na ardhi imegeuzwa juu chini bila kutoka mahali pake. Zamani kabla ya mahindi kushika nchi, chakula kikuu kilikuwa ulezi. Na baadaye ngano nayo ilipandwa katika matuta haya.

Wako watu waliowahi kudhani kwamba maarifa haya yaliletwa na wamisionari au na mabwana shamba. Sivyo. Mapadre Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, wakafungua misheni ya Litembo mwaka 1914, nao waliwakuta Wamatengo wakichimba ngoro. Wageni walileta mambo mengine mengi, lakini hili walilikuta.

Sasa turudi kwenye ntambo. Ngoro ni namna ya kulima. Ntambo ni ile nchi inayolimwa na mpango wa watu wake. Mipaka yake mara nyingi ni vijito viwili. Mgongo wote wa mlima ulio kati ya kijito hiki na kile, kutoka msitu wa kileleni hata majimaji ya bondeni, ni ntambo moja, na ni mali ya ukoo mmoja. Juu huachwa miti, ipate kuni na kuzilinda chemchemi. Katikati zimejengwa nyumba. Kuzunguka nyumba na chini yake ni mashamba ya ngoro, na bondeni ni bustani za mboga wakati wa kiangazi. Mpaka wa namna hii una faida moja kubwa: hakuna mtu awezaye kuusogeza usiku.

Mkuu wa ntambo ni babu wa ukoo, anayeitwa bambo, na watu wake, yaani wanawe na wajukuu na wake zao, huitwa musi. Bambo alimgawia kila mwana aliyeoa kipande chake cha mteremko. Hakuweza kukiuza kipande hicho kwa mgeni, maana hakikuwa chake peke yake. Jioni wanaume na vijana wa musi walikutana mahali pa bambo, na chakula kikaletwa kutoka kila nyumba kikaliwa pamoja. Makutano haya huitwa sengu. Katika sengu yatima na mjane walishiba bila kuomba, watoto walisikia habari za ukoo, na ugomvi wa mpaka kati ya ndugu na ndugu ulikatwa kabla haujawa uadui. Nasi twaona kwamba sengu ilikuwa na kazi katika ukulima vilevile. Mtu aliyeyaacha mashimo yake yabomoke alisikia habari yake jioni ile ile, mbele ya wote, mkono wake ukiwa chunguni.

Wajerumani walijenga boma lao Songea mwaka 1897, na baada yake ikaja kodi. Kodi ilitaka fedha, na ntambo ilikuwa haina fedha. Ilikuwa na maharagwe tu, na sokoni palikuwa mbali. Baada ya vita vya Majimaji vya miaka ya 1905 hata 1907, na baada ya vita vikuu vya 1914 hata 1918, Waingereza walishika nchi, na kodi ikabaki. Ndipo vijana wa nchi yote ya Songea walipoanza kwenda Tanga kukata mkonge, safari ya mamia ya maili, wakaitwa manamba. Wengine hawakurudi. Wasomaji wataona jambo la ajabu hapa: mtu ana shamba lake zuri milimani, naye aenda kufanya kazi katika shamba la mtu mwingine, kwa sababu lake halimlipii kodi.

Kahawa ndiyo iliyolijibu jambo hili. Miche ya kwanza ilipandwa Umatengo katika miaka ya 1920, nayo ikapendezwa na ile baridi na ule udongo mwekundu. Mwaka 1936 kikaundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kwa jina la NGOMAT. Wangoni waliuza kwacho tumbako, na baadaye Wamatengo wakauza kahawa yao. Kijana aliyekuwa na miti ya kahawa mia mbili karibu na nyumba ya baba yake hakuwa na haja ya kupanda lori la Tanga.

Wakati huo huo Serikali ya Waingereza ilikuwa na hofu kubwa juu ya udongo. Katika miaka ya 1930 mashamba mapana ya Marekani yalikuwa yakipeperushwa na upepo, vumbi likafunika miji, na kila mahali watawala walianza kuuliza habari za ardhi ya nchi zao. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records jinsi Wamatengo wanavyouhifadhi udongo kwa mashimo. Aliyaeleza kwa heshima. Lakini tazameni yaliyotokea mahali pengine. Katika milima ya Uluguru, Serikali iliwaamuru watu wachimbe ngazi za udongo miteremkoni, kwa nguvu na kwa faini. Watu wakachukia. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, mpango ukaachwa. Milima ni milima, na mvua ni mvua. Tofauti ni kwamba huku kazi ilikuwa ya wenyewe, iliyoanza kwa haja yao na kupimwa na miaka yao, na kule ililetwa katika barua. Hatusemi kwamba ngoro ingefaa Uluguru; huenda isingefaa. Twasema tu kwamba aliyeagiza hakuuliza kwanza.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 kahawa iliendelea kuenea. Katika Julai 1975 jalidi iliua kahawa nyingi ya Brazili, na bei ya dunia ikapanda sana katika miaka miwili iliyofuata, na mkulima wa Litembo akafaidi baridi iliyoanguka ng'ambo ya bahari. Vyama vya ushirika vilivunjwa na Serikali mwaka 1976 vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Mbinga ikapata chama chake kikuu, MBICU. Kisha mwaka 1989 mapatano ya nchi zinazouza na kununua kahawa yakavunjika, bei ikaanguka. Katika miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, ushirika ukadhoofika, na mbolea iliyokuwa ikipatikana kwa mkopo ikawa ya kununuliwa kwa fedha taslimu. Wakati huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikuja milimani kuichunguza ngoro. Walipima, wakaona kwamba mashimo huzuia maji na udongo kuliko kilimo cha matuta ya kawaida. Wazee nadhani hawakushangaa.

Basi hatari iko wapi, ikiwa mashimo bado yazuia maji? Hatari haiji tena kutoka juu, pamoja na mvua. Iko ndani ya ntambo yenyewe.

Tuchukue hesabu nyepesi. Bambo aliyekuwa na wana wanne aliugawa mteremko mara nne. Kila mmoja akiwa na wana wanne, ni vipande 16. Na wajukuu wao ni 64. Vijito viwili havijasogea. Zaidi ya hayo, kahawa ni mti wa kukaa miaka mingi. Palipopandwa kahawa hapachimbwi tena ngoro. Miti ilipandwa karibu na nyumba, katika ardhi nzuri, na chakula kikasukumwa kwenda mbali na juu zaidi, karibu na msitu wa kileleni, hata msitu wenyewe ukaanza kuliwa. Na ardhi iliyokuwa ikipumzika sasa hailali muda mrefu, kwa hiyo majani ya kulaza katika mistari yamepungua. Ngoro bila majani ni shimo tu.

Tena iko habari ya nani hufanya kazi. Tumekwisha kusema kwamba kufyeka na kulaza majani ni kazi ya wanaume, na kuchimba ni ya wanawake. Kuchimba ndiko kuzito. Kahawa ilipokuja, fedha yake iliingia mkononi mwa mume, na mke akaongezewa kuchuma na kuibeba, huku mashimo yakimngoja vilevile kila Machi. Mume akienda mjini, mwanamke hufyeka mwenyewe, akalaza mwenyewe, akachimba mwenyewe. Watu husifu ngoro kuwa maarifa ya Wamatengo, nasi twaisifu pia. Lakini ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya maarifa hayo iko katika mikono ya wanawake ambao ntambo haikuhesabiwa kuwa yao.

Wengi wamehama. Tangu zamani za baada ya vita vikuu vya pili, na zaidi katika miaka ya 1960 na baadaye, vijana waliokosa kipande milimani waliteremka kwenda mashariki, katika miyombo, kwenye vilima vya chini kama vya Kitanda. Huko wamepata nchi pana na miteremko ya taratibu, wakafyeka, wakachoma moto, wakalima matuta ya kawaida. Ngoro wengi wameiacha, kwa sababu nchi haikuwalazimisha.

Waliobaki milimani wana jambo lingine la kuamua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaruhusu mwanakijiji apewe hati ya hakimiliki ya kimila kwa kipande chake, nayo yampa mwanamke haki sawasawa na mwanamume ya kuwa na ardhi. Kwa mjane anayeogopa kufukuzwa na shemeji, hati hii ni kitu kikubwa. Kwa kijana anayetaka mkopo vilevile. Lakini hati huandikwa kwa kipande, na ntambo haikuwa vipande. Ikigawanywa kwa mistari inayoukata mteremko, mmoja hupata juu, mwingine katikati, mwingine bondeni, na kila mmoja akashika karatasi yake. Aliye juu akichoka kuchimba, au akiuza kwa mtu asiyejua ngoro, maji hayasomi karatasi. Tuta la juu likipasuka, shimo la pili hujaa, likapasuka, likamwagia la tatu. Na kabla ya asubuhi mferejimrefu umekatwa kutoka kileleni hata bondeni, katikati ya maharagwe ya mwenye haki na asiye na haki. Zamani jambo kama hilo lilifika kwenye sengu jioni. Sasa hupelekwa kwenye baraza la ardhi la kijiji, na baraza hukaa baada ya siku kadha, na mvua ya Machi hainyeshi kwa tarehe ya baraza. Katika koo nyingine ndugu wamepatana kugawanya kwa mistari inayoshuka, kila mmoja apate juu kidogo, katikati kidogo na bondeni kidogo, ingawa vipande vinakuwa vyembamba kama kanga iliyokunjwa, na mwenye jembe akigeuka tu amekwisha kuingia kwa jirani yake.